Ua Si Adhabu

Mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga, nilialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja wa mchele hapa Njisi, jirani na mpaka wa Kasumulu. Ni mwanafunzi wangu wa zamani. Nyumba yake ni nzuri, ya matofali ya kuchoma, ina dari na madirisha mapana ya vioo. Alinipokea kwa heshima zote, akaniketisha kwenye kochi kubwa, na watoto wake wakaja mmoja mmoja kuniamkia. Mbele yangu palikuwa na meza ya kioo, na juu ya meza hiyo chombo cha maua. Yalikuwa mawaridi mekundu ya plastiki, yameshika vumbi hata wekundu wake umekuwa kama wa tofali. Kwenye jani moja kiwanda kilikuwa kimebandika matone ya gundi yanayong'aa, ili mtu adhani ua limenyeshewa asubuhi ile.

Nikamwuliza kwa utani, "Mwanangu, Kyela hii mvua haimnyimi mtu. Nje ya dirisha lako kila kitu kinaota. Kwa nini unafuga maua ya kiwandani?"

Akacheka. "Shikamoo tena, Mwalimu. Maua ya kweli siyawezi. Wewe ndiye uliyenifanya niyachukie."

Kisha akanikumbusha. Mwaka 1984 alikuwa darasa la sita, nami nilikuwa mwalimu mkuu. Mtoto aliyechelewa mchakamchaka alipewa ndoo. Alikwenda mtoni, akarudi na maji kichwani, akamwagilia maua yaliyozunguka mlingoti wa bendera, halafu yale ya mbele ya ofisi yangu. Ndoo kumi. Siku moja alijikwaa, ndoo ikaangukia tawi la ua na kulivunja, akachapwa viboko juu ya zile ndoo kumi. "Mpaka leo, Mwalimu," akasema, "nikimwona mtu anamwagilia ua, najiuliza amekosa nini."

Watu wote sebuleni wakacheka. Nami nikacheka. Lakini wali wa Kyela, ambao tangu utoto haujawahi kunishinda, siku ile ulinikwama kooni.

Ndugu msomaji, makala hii nimeiandika kwa sababu ya maneno yale. Ni makala ya ugomvi. Nagombana na walimu wakuu wenzangu, waliostaafu kama mimi na walio kazini. Nagombana na wazazi wanaojaza plastiki ndani ya nyumba na kusema wamependezesha. Na kwa kuwa mwalimu asiyesahihisha daftari lake mwenyewe hana haki ya kusahihisha la mwingine, nagombana na nafsi yangu pia.

Shtaka langu ni hili: sisi walimu tuliwafundisha watoto wa nchi hii kwamba ua ni adhabu. Hatukuliandika katika mtaala, wala hatukulitamka darasani. Tulilifundisha kwa vitendo, na somo la vitendo ndilo lisilosahaulika. Mtoto mwema alikaa kivulini akisoma. Mtoto mkosaji alipelekwa kwenye maua. Mtu akifundishwa hivyo kwa miaka saba, utamtegemea apande ua dirishani kwake akiwa mtu mzima?

Mtaniambia, "Mwalimu, ile ilikuwa Elimu ya Kujitegemea." La hasha! Nilisomea ualimu chuoni miaka michache tu baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, na tuliisoma kwa makini. Ilitaka kazi na masomo viungane, mtoto ajue kwa nini anafanya analofanya. Bustani yetu ya mlingoti haikuungana na somo lolote. Katika miaka yangu yote ya ukuu wa shule sikumbuki hata siku moja nilipowakusanya watoto mbele ya ua na kuwaambia, hili ni ua fulani, asili yake ni mahali fulani, linapenda kivuli au jua, mizizi yake iko hivi. Maua yale yalikuwa ya mkaguzi. Mawe yalipakwa chokaa siku mbili kabla hajafika. Likizo ya Desemba ikianza hakuna aliyeyatazama, na Januari tulianza upya, kwa wakosaji wapya.

Wengine watasema bila adhabu ile shule zisingekuwa na maua kabisa. Mimi nawauliza: adhabu ile imezaa nini? Mti huhukumiwa kwa matunda yake. Nimetembelea nyumba nyingi za wanafunzi wangu katika misiba, harusi na ubatizo. Nimeona makochi, redio kubwa, televisheni zilizofunikwa vitambaa vya kudarizi. Maua ya plastiki nimeyaona hata sina hesabu. Ua hai ndani ya nyumba nimeliona mara chache sana, na mara nyingi mwenye nyumba alikuwa bibi kizee ambaye hakuwahi kusoma kwetu.

Sasa nizijibu sababu wanazozitoa watu. Nazijua zote, maana zamani nilizitoa mimi mwenyewe.

Sababu ya kwanza ni kwamba maua hayaliwi. Naam, hayaliwi. Kitambaa cha kudarizi nacho hakiliwi, wala wimbo wa harusi, wala rangi ya ukuta, wala yale mawaridi ya plastiki yaliyonunuliwa kwa fedha taslimu. Mtu anayenunua ua lisiloliwa la plastiki hana haki ya kulikataa la bure kwa sababu haliliwi. Ningeweza kuongeza kwamba wenzetu wa Kenya wanalima mawaridi kandokando ya Ziwa Naivasha na kuyasafirisha Ulaya kwa ndege, na kwamba huko Arusha nako biashara hiyo imefanyika. Lakini hoja ya fedha siipendi sana. Tukianza kukipima kila kitu kwa fedha, hata wazee kama mimi tutaonekana hatuna faida.

Sababu ya pili ni kwamba maua ni kazi ya wanawake. Hii siijibu kwa maneno mengi. Mwanamume anayeweza kulea mikakao shambani, akajua uliougua na usiougua, hawezi kuniambia kwamba chungu kimoja cha ua kitamvunjia heshima.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, nayo inasema kwamba kuweka maua ndani ya nyumba ni mambo ya Wazungu. Hapa naomba unisikilize kwa utulivu.

Mwaka 1879 msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alifika huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Alipoandika habari za safari yake alivisifu vijiji vya Wanyakyusa kwa usafi wa viwanja, kwa migomba iliyotunzwa na kwa nyumba zilizojengwa kwa ustadi. Hakuna Mzungu aliyekuwa ametufundisha kufagia kiwanja wala kupanga migomba ipendeze. Kupenda mahali papendeze kulikuwa kwetu kabla ya shule, na kama kumepungua, tutafute kwingine aliyekupunguza.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Katika maua ya ndani yanayopendwa sana Ulaya na Marekani, moja ni la Tanzania. Nazungumzia ua dogo lenye majani ya mviringo yenye vinyweleo laini kama sikio la ndama, na maua ya rangi ya urujuani yenye vidoti vya manjano katikati. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya huko Tanga, aliliona likiota kwenye miamba ya misitu ya Usambara. Alimpelekea baba yake Ujerumani. Kutoka kwa baba yake likafika kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen, Hannover, na mwaka 1893 Wendland akalitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Jina la yule baron likaingia katika vitabu vya sayansi. Wajerumani wa kawaida waliliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara, na hadi leo huliita hivyo, ingawa ua hili si jamaa wa urujuani wa kwao. Miaka ya 1920 mbegu zilifika California, na wakulima wa huko wakaanza kuzalisha aina mpya. Mwaka 1946 Wamarekani wakaunda chama kizima cha wapenzi wa ua hili. Leo kuna maelfu ya aina, nyeupe, za waridi, za zambarau, za maua manene kama kabichi, na zote zimetokana na mmea ulioota kwenye mwamba wetu. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia katika kundi kubwa zaidi la mimea liitwalo Streptocarpus, lakini wafugaji wake bado wanalijua kwa jina la zamani.

Kwa hiyo bibi kizee wa Hannover ana Usambara dirishani kwake, na anajua jinsi ya kuinywesha maji. Mtanzania ana plastiki mezani, na anasema ua la ndani ni mambo ya Wazungu. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Sisi asili hatukuiacha kwa kunyang'anywa peke yake. Tuliipita njiani tukaikanyaga.

Nasema tuliikanyaga kwa kuwa mimi ni shahidi. Kituo changu cha kwanza cha kazi, mwaka 1972, kilikuwa mkoa wa Tanga, katika vilima vya Usambara Mashariki. Kwa miaka minne nilipita njia ya msituni kwenda kuchota maji na kuoga. Kando ya kijito palikuwa na mwamba wenye kuvu ya kijani, na juu ya mwamba huo yalikuwa maua yale. Nilisafishia viatu vyangu pale. Siku moja ofisa wa misitu aliyekuwa akipita alisimama, akanishika mkono na kuniambia, "Mwalimu, unajua ua hili linauzwa London?" Nilidhani ananitania. Niliendelea kusafisha kiatu.

Sikuwalaumu Wajerumani kwa kulipenda ua. Anayependa kitu kizuri hana kosa kwa kukipenda. Nawalaumu waliochukua bila kuuliza, na najua kwamba Mkataba wa Nagoya unaozungumzia mgawanyo wa faida za mimea ulipatikana mwaka 2010, yaani miaka 118 baada ya ua letu kupanda meli. Lakini sheria ya mkataba haitanipandia ua dirishani. Hiyo ni kazi yangu.

Na kazi hiyo, msomaji, nilifundishwa na mke wangu, kwa njia ambayo sitaisahau.

Mwaka 2005 mke wangu alipewa jani moja la ua la Usambara na mwalimu mwenzake huko Mbeya mjini. Jani moja tu, limefungwa kwenye kitambaa kibichi. Alilichomeka katika kopo la maziwa lenye mchanga, na baada ya miezi kadhaa likawa mmea, na mmea ukatoa maua. Uliishi dirishani kwetu miaka sita. Mimi sikuugusa. Niliuona kama moja ya vitu vyake, kama sindano na nyuzi.

Mwaka 2011, nikiwa nimeshastaafu, aliugua akalazwa kwa wiki tano. Kabla ya kuondoka alinishika mkono akaniambia, "Baba, niangalizie ua." Nikamwangalizia, tena kwa bidii. Kila asubuhi na kila jioni nilimimina kikombe kizima cha maji juu ya majani, maji baridi yaliyotoka mtungini. Yaani nililifanyia ua lile nilichowafanyisha watoto wa mlingoti. Nilidhani kulitunza ua ni kulimwagia maji, na kwamba wingi wa maji ndio wingi wa upendo. Majani yakapata madoa meupe. Kisha yakalegea. Nilipoyaona yamelegea nikadhani lina kiu, nikaongeza maji.

Aliporudi alikuwa amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Alikwenda dirishani kabla hajaketi. Akaling'oa ua kwa vidole viwili, likatoka lote bila kushikamana na udongo. Mizizi ilikuwa myeusi kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Nilisubiri anigombeze. Hakunigombeza. Aligeuzageuza majani mpaka akapata moja lililokuwa bado gumu, akaomba wembe, akalikata na kikonyo chake, akalichomeka katika mchanga. Akasema, "Mwalimu, hili lilikuwa na maji tele. Lilikosa mtu wa kulitazama."

Baada ya miezi miwili vikachipuka vitoto vitatu chini ya jani lile. Mke wangu alifariki mwaka 2016. Ua ninaloliandikia habari hizi, lililo mbele yangu sasa hivi, limetokana na jani lile.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba ua hili haliwezekani Kyela. Linawezekana, lakini halitaki bidii ya kijinga. Nitaeleza ninavyofanya, maana makala ya ugomvi isiyomwachia msomaji kitu mkononi ni kelele tu.

Kumbuka kwao. Kwao ni kwenye mwamba, chini ya miti mikubwa, karibu na kijito. Mwambani maji hayatuami. Chini ya miti jua kali halifiki, ila mwanga upo. Karibu na kijito hewa ina unyevu. Ukiyashika mambo hayo matatu, mengine utayakisia mwenyewe.

Kwanza mwanga. Liweke karibu na dirisha, lakini jua la mchana lisilipige. Dirisha la mashariki ni jema, kwa kuwa jua la asubuhi ni la upole. Vitabu vya Ulaya husema dirisha la kaskazini ndilo la kivuli. Ukifuata vitabu hivyo huku kwetu utaliunguza, maana sisi tuko kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua linapita upande wa kaskazini. Mwezi Desemba linahamia kusini. Basi uwe tayari kulihamisha ua lako kadiri jua linavyohama, au tundika pazia jepesi. Jua likizidi, majani hufifia na kuungua kingo. Mwanga ukipungua, majani hurefusha vikonyo kama mtu anayechungulia, na maua hayaji. Ua lisilotoa maua mara nyingi halilii mbolea, linalia mwanga. Kila wiki kizungushe chungu robo duara ili lisiegemee upande mmoja.

Pili maji. Hapa ndipo wengi tunapoua. Gusa udongo kwa kidole. Ukiwa mbichi, ondoka. Ukianza kukauka juu, weka chungu ndani ya kisahani chenye maji, kiache kama nusu saa kinywe kutoka chini, kisha mwaga maji yaliyobaki. Maji yasiwe baridi kuliko hewa ya chumba. Yachote jana uyatumie leo. Ya mvua ni mazuri sana, nayo Kyela tunayo. Usiyamwage juu ya majani, maana maji baridi huyatia madoa yasiyofutika. Vumbi liondoe kwa brashi laini iliyo kavu. Kwa wiki nzima ua langu hunywa vikombe viwili vidogo. Anayeniambia hana maji ya kumwagilia ua anatafuta kisingizio.

Tatu chungu na udongo. Usitumie udongo wa majaruba yetu; ni mzito, utaifunga mizizi. Mimi huchanganya mboji ya majani iliyooza vizuri, mchanga wa mtoni uliooshwa, na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi. Chungu nanunua cha Wakisi wa Ikombe, wale mama zetu wanaofinyanga ng'ambo ya Matema na kuleta vyombo sokoni kwa mitumbwi. Chungu cha udongo hupumua. Ila omba kitobolewe chini kabla hakijachomwa, maana chungu kisicho na tundu ni kisima cha kuzamishia ua. Na kiwe kidogo. Upana wake theluthi moja ya upana wa mmea unatosha. Ua hili hutoa maua vizuri mizizi ikiwa imebanana kidogo. Ukilipa nyumba kubwa linakaa na maji mengi na kuoza.

Nne joto. Ua hili hufurahia chumba ambacho mtu naye angekaa kwa raha, nyuzi 18 hadi 25 hivi. Kyela ni bondeni, na Oktoba na Novemba nyumba ya bati isiyo na dari huwa tanuri. Miezi hiyo mimi hulishusha ua sakafuni, mahali penye upepo, na nalipunguzia maji. Halitoi maua, nami sililazimishi. Mvua zikirudi, nalo hurudi. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo, hao ni vidung'ata. Litenge na mimea mingine, watoe kwa pamba iliyochovywa spiriti.

Kuongeza mimea ni kazi ya jani moja, kama alivyofanya marehemu. Chagua jani zima la katikati, si la zamani wala changa, likate na kikonyo cha vidole viwili, lichomeke katika mchanga wenye unyevu, uliache kivulini. Miezi miwili hivi utaona vitoto. Maua yatachukua miezi sita hadi tisa, pengine zaidi. Hakuna njia ya mkato.

Kwa sababu linaongezeka kwa jani, hakuna sababu ya mtu kwenda kung'oa la msituni. Hili nalisema kwa sauti kubwa. Aina kadhaa za ua hili hazioti popote duniani ila katika vilima vichache vya Tanzania na Kenya, na baadhi yake zimo hatarini kwa kuwa misitu inakatwa. Miti ya juu ikianguka, jua linaingia na mwamba unakauka. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, na ni jambo jema. Hapa jirani yetu tunayo Kitulo, bustani ya maua iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na bado viazi vya okidi za nyanda zetu za juu vimekuwa vikichimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia kuliwa. Tunaweka walinzi, na tuwaweke. Lakini mlinzi mmoja hawezi kulinda kitu ambacho wananchi elfu moja hawakijui jina. Mimi mwenyewe, mwalimu mwenye cheti, nilikisafishia viatu.

Basi madai yangu ni machache. Mwalimu mkuu uliye kazini, kuanzia Jumatatu ijayo futa adhabu ya kumwagilia maua. Kama una lazima ya kuadhibu, tafuta kitu kingine, lakini ua usilitumie kama fimbo. Kila darasa liwe na chungu kimoja dirishani, na kukitunza iwe zamu ya heshima, apewe mtoto aliyeonyesha uangalifu, naye aandike daftarini siku alipomwagilia na alichokiona. Hilo ni somo la sayansi, la jiografia na la tabia kwa wakati mmoja, na gharama yake haifiki bei ya boksi la chaki. Mzazi, ondoa plastiki mezani. Ua la plastiki halimdai mtoto wako chochote, kwa hiyo halimfundishi chochote. Mtoto aliyezoea kugusa udongo kabla ya kumimina maji, kesho atamtazama mgonjwa kabla ya kumpa dawa, na atamsikiliza mwanafunzi kabla ya kumpa ndoo.

Mimi sikumsikiliza. Yule mtoto wa 1984, nimejua siku ile ya chakula, alichelewa mchakamchaka kwa sababu alikuwa akimwogesha mdogo wake. Mama yao alikuwa mgonjwa. Sikuuliza. Nilihesabu ndoo.

Wiki mbili baada ya karamu ile nilirudi nyumbani kwake nimebeba chungu kidogo cha Ikombe. Ndani yake kulikuwa na kitoto cha ua la marehemu, chenye majani sita. Nilimwomba radhi mbele ya watoto wake, kwa sababu mbele ya watoto ndipo nilipomchapa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndaga, Mwalimu." Akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya meza ya kioo, kando ya yale mawaridi ya plastiki, kwani hakutaka kuyatupa mbele yangu. Halafu akaniuliza huku akitabasamu, "Nikisahau kukimwagilia, nitabeba ndoo ngapi?"

Nikamwambia hakuna ndoo. Nikakishika kidole cha binti yake mdogo, nikakigusisha udongo, nikamwuliza ni mkavu au mbichi. Akasema ni mbichi.

"Basi leo usikipe maji," nikamwambia. "Kitazame tu."